Kutoka taa moja hadi kengele ya tangi: mwongozo kamili wa kuanza kuprogramu maikrokontrola

Kwetu maji ya bomba huja usiku. Unawasha pampu, unajilaza kidogo ukisubiri tangi lijae, usingizi unakupitia. Unachokuja kusikia ni maji yanayochuruzika ukutani, na uani pameshakuwa dimbwi. Baada ya hilo kunitokea mara nne au tano niliamua kutengeneza kengele: tangi likijaa, ilie. Wakati huo sikujua kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Mwongozo huu unafuata njia niliyopita mimi, ila nimeziruka kona zilizonipotezea muda. Tutaanza na taa moja, twende kwenye kitufe kimoja, kisha tufike kwenye tangi. Nakusihi usiharakishe hatua mbili za mwanzo. Floti iliyomo ndani ya tangi, yaani swichi yenye boya, ni kitufe kinachobonyezwa na maji, na kengele ni taa inayotoa sauti. Anayeweza kuwasha pini (mguu wa kuunganishia waya) na kusoma pini bila kuchungulia popote ameshashika sehemu kubwa ya kazi hii.

Maikrokontrola ni nini hasa

Ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja: kichakataji, kumbukumbu, na miguu ya kuunganisha vitu vya nje. Tutakayotumia inaitwa ATmega328P. Ina KB 32 za kuhifadhi programu, KB 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kwenye bodi tutakayonunua inakwenda kwa megahezi 16. Picha moja ya simu yako haiwezi kuingia humo. Lakini haina mambo mengi: ukiipa umeme inaanza mstari wa kwanza wa programu yako, inarudia kazi uliyoipa, na haiachi mpaka umeme ukatike. Umeme ukirudi, inaanza tena bila kuulizwa. Kwa kazi ya kukesha ikilinda tangi, hiyo ndiyo tabia unayoitaka.

Vifaa

Chukua bodi ya Arduino Uno R3, au Nano ambayo ni ndogo zaidi lakini ina chipu ileile. Mradi wa Arduino ulianzia mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana madukani utakuta bodi za kunakiliwa zinazouzwa kwa bei ya chini sana kuliko ya asili. Kwa kujifunzia zinafaa kabisa. Nyingi hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, kwa hiyo kwenye Windows huenda ukalazimika kuipakia kwanza draiva ya CH340, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua chipu hiyo.

Kuna watakaokwambia uanze na ESP32 kwa sababu ina Wi-Fi. Ni bodi nzuri, na utaifikia. Ila pini zake ni za volti 3.3, na ukikosea ukaipa volti 5 unaweza kuiua siku hiyohiyo. Uno inavumilia zaidi makosa ya mwanafunzi.

Pamoja na bodi nunua bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa bila kuchomelea), nyaya za jampa za kuchomeka humo, taa za LED tano, rezista (vipunguza mkondo wa umeme) za omu 220, omu 1,000 na omu 4,700, vitufe viwili, baza ya volti 5 ya aina inayolia yenyewe ikipewa umeme, na transista moja ya BC547, itakayokuwa swichi ya baza. Kwa Dar es Salaam utavipata Kariakoo, kwa Nairobi nenda Luthuli Avenue. Ukiwa mbali na miji hiyo, zungumza na fundi redio wa jirani: rezista, LED na hata baza huchomolewa zikiwa nzima kutoka kwenye redio na vifaa vilivyokufa.

Kitu ambacho hupaswi kukikosa ni multimita, mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa. Bila mita utakuwa unabahatisha.

Na waya wa USB uwe unaopitisha data. Mimi nilipoteza jioni nzima nikipakia draiva na kuzifuta, bodi inawaka taa yake vizuri lakini kompyuta haiioni. Kumbe waya niliokuwa nao ulikuwa wa kuchajia tu, ndani hauna nyaya za data. Kama kichwa chake kinaingia kwenye simu yako, ujaribu kwanza kwa kuhamisha picha.

Kuandaa kompyuta

Pakua Arduino IDE, programu ya kuandikia na kutuma kazi kwenye bodi, kutoka tovuti ya Arduino. Toleo la 2 ni zuri, ila kwa kompyuta ya zamani chukua 1.8.19, ni jepesi zaidi. Ukishaipakia na kuifungua mara ya kwanza ukiwa na intaneti, hauhitaji tena intaneti kuandika na kutuma programu za mwongozo huu.

Huna kompyuta? Kwenye Android kuna ArduinoDroid, nayo hutuma programu kwenye bodi kupitia waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu. Na kama hata bodi bado hujapata, Wokwi na Tinkercad zinakupa bodi ya kuigiza ndani ya kivinjari, bure. Msimbo, yaani maandishi ya programu, utakaouandika humo ndio huohuo utakaoupeleka kwenye bodi halisi.

Chomeka bodi. Fungua menyu ya Tools, kwenye Board chagua Arduino Uno, kwenye Port chagua mlango uliojitokeza ulipochomeka. Kama hujui ni upi, chomoa bodi, angalia orodha, chomeka tena. Uliorudi ndio wenyewe.

Hatua ya kwanza: taa

Andika hii kwa mkono wako. Usinakili na kubandika, vidole navyo vinajifunza.

```
void setup() {
  pinMode(13, OUTPUT);
}

void loop() {
  digitalWrite(13, HIGH);
  delay(1000);
  digitalWrite(13, LOW);
  delay(1000);
}
```

Bonyeza mshale wa Upload. Taa ndogo iliyo kwenye bodi, karibu na pini 13, itawaka sekunde moja na kuzima sekunde moja.

Yaliyomo ndani ya `setup` hufanywa mara moja tu, bodi inapopata umeme. Yaliyomo ndani ya `loop` hurudiwa bila mwisho. `pinMode` inaiambia pini 13 kwamba kazi yake ni kutoa. `HIGH` ni volti 5, `LOW` ni volti 0. `delay` inasimamisha kila kitu kwa idadi ya milisekunde uliyoitaja. Badilisha 1000 iwe 100, tuma tena, uone. Ifanye iwake mara tatu haraka kisha ipumzike. Cheza nayo nusu saa.

Sasa taa ya nje. Kutoka pini 8 weka rezista ya omu 220, kutoka rezista nenda kwenye mguu mrefu wa LED, na mguu mfupi uende GND, pini ya volti 0. Katika msimbo badilisha 13 iwe 8. Rezista si pambo. LED nyekundu inakula kama volti 2, zinabaki 3. Gawa 3 kwa 220 unapata karibu miliampia 14. Pini moja ya chipu hii inafaa isizidi miliampia 20 kwa kazi ya kudumu, na 40 ndiyo kikomo cha kuiharibu. Ukiiondoa rezista, taa itang'aa sana kwa muda mfupi, halafu utakuwa umeiumiza LED, pini, au vyote viwili.

Taa isipowaka

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo fundi anapozaliwa.

Mpwa wangu aliniletea bredibodi yake akiwa amenuna. "Mjomba, nimeunganisha vilevile ulivyochora, haiwaki. Nimebadilisha msimbo mara kumi." Nikamwambia auache msimbo, achukue mita. Mkia mweusi kwenye GND ya bodi, mwekundu kwenye pini 8: volti 5 zinakuja na kukatika, kila sekunde. Kwa hiyo msimbo hauna kosa. Akahamishia mkia mwekundu kwenye mguu mrefu wa LED: bado karibu volti 5. Akagusa mguu mfupi, uliopaswa kuwa volti 0. Namba haikutulia. Mguu huo haukuwa umefika GND hata kidogo.

Tukaitazama bredibodi kwa karibu. Ilikuwa ile ndefu, na ule mstari wa bluu wa pembeni ulikuwa umekatika katikati, pengo la milimita chache. Ndani yake chuma nacho kimekatika hapohapo. GND ilichomekwa upande wa kushoto wa pengo, LED iko kulia. Akaweka waya mfupi kuvuka pengo, taa ikawaka.

Shika utaratibu huo: umeme kwanza, nyaya za pili, msimbo wa mwisho. Pima kuanzia kwenye pini ukielekea nje, mguu kwa mguu, mpaka ufike mahali volti zinapokuwa tofauti na ulivyotarajia. Kosa liko kati ya hapo na ulipopima mara ya mwisho.

Kwa upande wa kompyuta, ujumbe utakaokutana nao mara nyingi zaidi ni ule wa `expected ';'`. Nukta-mkato imesahaulika, na mara nyingi si kwenye mstari uliotiwa rangi bali uliotangulia. Ukiona `not in sync` au `programmer is not responding`, kompyuta imeshindwa kuongea na bodi: angalia Port, angalia waya, na kama una Nano ya kunakiliwa, ingia Tools, kisha Processor, uchague ATmega328P (Old Bootloader).

Hatua ya pili: kitufe

Unganisha upande mmoja wa kitufe kwenye pini 2, upande wa pili kwenye GND. LED ibaki pini 8.

```
const int kitufe = 2;
const int taa = 8;

void setup() {
  pinMode(kitufe, INPUT_PULLUP);
  pinMode(taa, OUTPUT);
}

void loop() {
  if (digitalRead(kitufe) == LOW) {
    digitalWrite(taa, HIGH);
  } else {
    digitalWrite(taa, LOW);
  }
}
```

Majina ya vitu ni ya kwako, yaandike kwa Kiswahili. Miezi sita baadaye utausoma msimbo wako kama barua.

Neno la kulielewa hapa ni `INPUT_PULLUP`. Ili uone kazi yake, liondoe, andika `INPUT` peke yake, utume, halafu usibonyeze kitufe. Sogeza kiganja chako karibu na waya wa pini 2. Taa itaanza kuchezacheza bila kuguswa. Pini ambayo haijafungwa popote inaning'inia, inadaka umeme wa hewani na wa mwili wako, na chipu inasoma chochote. Ukirudisha `INPUT_PULLUP`, rezista iliyomo ndani ya chipu, ya kati ya omu 20,000 na 50,000, inaivuta pini hadi volti 5 na kuituliza. Ukibonyeza kitufe, pini inashuka hadi GND. Ndiyo maana kilichobonyezwa kinasomeka `LOW`. Inachanganya siku mbili tatu, kisha unaizoea.

Jambo jingine: kitufe hakibonyezwi mara moja. Vyuma vya ndani hudunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na chipu inayofanya hesabu mamilioni kwa sekunde inaiona midundo hiyo yote. Ukiandika programu ya kuhesabu mibonyezo utaona unabonyeza mara moja inahesabu nne. Dawa ni kuikubali hali mpya pale tu ikishadumu, tuseme milisekunde 30. Wazo hili litatufaa kwenye tangi kuliko unavyodhani.

Kuona kilichomo ndani ya programu

Ndani ya `setup` ongeza `Serial.begin(9600);` na ndani ya `loop` ongeza `Serial.println(digitalRead(kitufe));`. Fungua Serial Monitor, dirisha la IDE linaloonyesha yanayotumwa na bodi, utaona 1 zikimiminika na 0 ukibonyeza. Yakitokea maandishi ya ajabuajabu, kasi ya dirishani si 9600. Pini 0 na 1 ziache wazi, ndizo zinazotumika kwa mazungumzo haya.

Kuachana na delay

Wakati wa `delay` chipu haisikii kitu. Ukiandika `delay(5000)`, kwa sekunde tano hata ukibonyeza kitufe kwa nyundo haitajua. Njia bora ni `millis()`, inayokupa milisekunde zilizopita tangu bodi iwake. Unakumbuka saa ya tukio, unaendelea na kazi, na kila unapopita hapo unauliza: muda umefika? Mpishi naye hasimami kuikodolea macho sufuria ya maharage. Anakata vitunguu huku akijua aliiweka saa ngapi.

Thamani ya `millis()` ihifadhi kwenye `unsigned long`. `int` ya bodi hii inaishia 32,767, maana yake sekunde 32 tu, halafu inageuka kuwa hasi. `unsigned long` inafika siku 49 na zaidi kidogo kabla ya kurudi sifuri, na ukitumia hesabu ya kutoa kama nilivyofanya hapa chini, hata siku hiyo hesabu haivurugiki.

Hatua ya tatu: tangi

Nunua swichi ya floti, ile ndogo ya plastiki yenye boya linalopanda na kushuka kwenye kijiti. Ndani ya boya kuna sumaku, ndani ya kijiti kuna swichi iliyofungiwa isiyoguswa na maji. Usitumbukize nyaya mbili tupu majini kama michoro mingi inavyoonyesha. Umeme ukipita majini kwa mkondo wa upande mmoja, waya wa chanya unaliwa, na chuma kinaingia kwenye maji mnayokunywa.

Weka mita kwenye sauti ya kupima mwendelezo, inua boya kwa kidole. Ikilia boya likiwa juu, ndivyo tunavyotaka. Ikilia likiwa chini, toa kizuizi cha mwisho wa kijiti, geuza boya, rudisha.

Floti inakwenda pini 2 na GND, palepale kilipokuwa kitufe. Kwa kuwa waya utakuwa mrefu kutoka juu hadi ndani ya nyumba, ile rezista ya ndani ya chipu ni dhaifu. Ongeza ya omu 4,700 kati ya pini 2 na volti 5. Baza nyingine hula miliampia 30 hivi, kwa hiyo itumie transista. BC547 ikikutazama kwa uso wake bapa, miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Emita iende GND, besi ipitie rezista ya omu 1,000 hadi pini 8, kolekta iende hasi ya baza, na chanya ya baza iende volti 5.

```
const int floti = 2;
const int baza = 8;
const unsigned long subira = 3000;

unsigned long mwishoWazi = 0;

void setup() {
  pinMode(floti, INPUT_PULLUP);
  pinMode(baza, OUTPUT);
}

void loop() {
  unsigned long sasa = millis();

  if (digitalRead(floti) == HIGH) {
    mwishoWazi = sasa;   // tangi halijajaa
  }

  if (sasa - mwishoWazi >= subira) {
    digitalWrite(baza, (sasa / 500) % 2);
  } else {
    digitalWrite(baza, LOW);
  }
}
```

Maji yanapomwagika ndani ya tangi yanafanya mawimbi, boya linapanda na kushuka. Ni ile midundo ya kitufe, safari hii kwa sekunde badala ya milisekunde. Ndiyo kazi ya `subira`: kila boya linaposhuka, saa inaanza upya, na kengele hailii mpaka boya limekaa juu sekunde tatu mfululizo. Mstari wa `(sasa / 500) % 2` unatoa 0 na 1 kwa zamu kila nusu sekunde, ndiyo mlio wa kukatikakatika. Ilie kwa kukatika. Mlio mmoja mrefu masikio huuzoea ukiwa usingizini.

Jaribu kwenye ndoo kwanza. Kisha ining'inize floti kwenye ncha ya bomba la PVC linaloshuka kupitia mfuniko, nyaya zikipita ndani ya bomba. Usiiweke kwenye usawa wa bomba la kumwagia maji ya ziada, jiachie muda wa kuamka. Tangi lenye upana wa mita 1.1 hubeba karibu lita 9.5 kwa kila sentimita ya kina. Pampu ya lita 30 kwa dakika ikikuta floti iko sentimita 10 chini ya usawa huo, una dakika tatu. Bodi yenyewe iwe ndani ya nyumba, ikilishwa na chaja ya simu kwa waya wa USB.

Ukishafika hapa utatamani bodi izime pampu yenyewe. Ni tamaa nzuri, na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, ipo kwa kazi hiyo, lakini pampu inatumia volti 230, kando ya maji. Mfano huu wote nimeubakiza kwenye volti 5 makusudi. Sehemu ya pampu mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie kontakta (rilei kubwa ya mashine) na kinga inayostahili. Wewe umpe ishara tu kutoka pini nyingine, kwa sababu ile ya pini 8 inakatikakatika na baza.

Kabla ya kufunga mfuniko, tuma mtu akae jikoni, inua boya kwa kidole, hesabu tatu, na umsikilize akikujibu kwamba inalia.